Wanalenga vizuri, wanakufa mmoja mmoja

SWALI: Habari za kazi, kocha. Nina kibanda cha gemu hapa Majengo, Moshi, kompyuta sita zimeunganishwa kwa waya. Vijana watano wa chuo karibu kila jioni wanacheza Counter-Strike 2, gemu la kupigana risasi watano kwa watano, upande mmoja ukitega bomu eneo A au B na mwingine ukilinda. Mmoja mmoja ni wazuri, hata boti ngumu (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta) haziwasumbui, ila kila tukikutana na timu ya Arusha tunafungwa 13–3, 13–4. Kila mtu anakimbilia kwake, kelele nyingi, lawama ndiyo usiseme. Nianzie wapi kuwafundisha kucheza kama timu? Na yule anayeua kuliko wote hasikii la mtu. Nimtoe?

JIBU: Salama, ndugu yangu wa Majengo. Kwa maelezo yako, shabaha wanayo, hivyo tuiache. Kosa wanalofanya makocha wengi wapya ni kuanza na mbinu ya watu watano: wewe pita huku, wewe rusha moshi pale, tunaingia A. Vijana wanakariri njia kama nyimbo za shule, lakini wa mbele akianguka, wanne waliobaki wanasimama hawajui la kufanya, kisha wanafuata mmoja mmoja kama abiria wanaoshuka kwenye kifodi. Anza na wawili. Timu ya Counter-Strike ni jozi mbili na mmoja wa kuzunguka. Jozi zikishikamana, mbinu yoyote utakayoipachika juu yake itakaa.

Kabla ya kufundisha chochote, pima. Una kompyuta sita na wachezaji watano, kwa hiyo ya sita iingie kwenye mchezo kama mtazamaji, na wewe ukae hapo na karatasi yenye safu mbili: "kafa" na "kalipiziwa". Kila kijana wako akifa, weka alama safu ya kwanza, kisha hesabu moja, mbili, tatu. Kama aliyemuua ameuawa kabla ya kufika tatu, weka alama safu ya pili. Basi. Ubao wa idadi ya mauaji usiutazame kabisa siku hiyo, kwa sababu unadanganya: mtu anaweza kumaliza mechi na mauaji 20, kumbe 12 kati yake aliyapata raundi ikiwa imeshapotea, wenzake wanne wamelala.

Kwa nini sekunde tatu? Mtu aliyetoka kuua ana udhaifu wa muda mfupi. Mahali alipo pamejulikana, bunduki yake bado inaruka kwa mateke ya risasi, huenda naye amepunguzwa uhai, na macho yake yako kwa yule aliyeanguka. Muda huo ukipita, anajibanza nyuma ya ukuta, anajaza risasi, na ninyi mmebaki wanne dhidi ya watano bila kupata kitu. Ukilipiza ndani ya muda huo ni wanne kwa wanne, na mmeshapiga hatua mbele kwenye ramani.

Zoezi la jozi lifanyieni kwenye ramani ya Dust II, upande wa njia inayoitwa Long. Mlinzi mmoja ajifiche popote baada ya milango ya Long, washambuliaji wawili wapite milangoni wamtoe. Raundi kumi, kisha mnabadilishana. Hesabu ya pointi ndiyo inayofundisha: washambuliaji wanapata pointi kama mlinzi amekufa kabla ya wa kwanza wao, au ndani ya sekunde tatu baada yake. Wakishinda kwa wa pili kumtafuta mlinzi nusu dakika nzima baadaye, ni sifuri. Watalalamika. Waache walalamike.

Sasa umbali, maana hapa ndipo pana kazi yenyewe. Wa pili akae nyuma ya wa kwanza hatua mbili au tatu, tena bega moja pembeni, si mgongoni moja kwa moja. Akigandana naye, mwili wa mwenzake unamzibia risasi, flashi (bomu la mwanga) moja inawapofusha wote, bomu moja la mkono linawaumiza wote, na wa kwanza akitaka kurudi nyuma anagonga mtu na kufia hapo hapo. Akiwa mbali mno, anafika muuaji ameshahama. Kipimo kizuri ni hiki: wa kwanza akipigwa sasa hivi, je, wa pili anaweza kumwona muuaji kwa kupiga hatua moja tu ya pembeni? Kama jibu ni hapana, amekaa vibaya, hata kama raundi hiyo wameshinda.

Makosa utakayoyaona yanajirudia. Wa pili anakimbia ameshika kisu kwa sababu kisu ni chepesi kuliko AK-47, na mwenzake anapopigwa yeye bado anabadilisha silaha. Wa pili anajaza risasi akiwa na 24 kati ya 30, ugonjwa wa vidole tu, hauna sababu. Wa pili anachungulia kona nyingine kwa udadisi wakati kona ya mwenzake ndiyo kazi yake. Na lile baya kuliko yote: wa kwanza anatoka nusu, anaogopa, anarudi, anatoka tena. Aliyekubali kuwa wa kwanza atoke mzimamzima. Kazi yake si kubaki hai, kazi yake ni kumlazimisha adui ajitokeze. Mkilielewa hili pale kibandani, nusu ya lawama zitakwisha, kwa sababu kifo cha wa kwanza kilicholipizwa si kosa la mtu.

Flashi nayo ni kazi ya wa pili. Aseme "flashi" kabla haijatoka mkononi, airushe juu au aigongeshe ukutani ipasukie mbele ya kona, na wa kwanza atoke mara tu baada ya mlipuko. Akitoka kabla, amepofushwa na ndugu yake. Akichelewa sekunde mbili, adui ameshaona tena. Tengeni dakika 15 kila jioni kwa jambo hili peke yake, hadi wasihitaji kusemezana.

Wiki mbili za jozi zinatosha. Baada ya hapo, kwa kompyuta zako sita, chezeni watatu kwa watatu, nawe ukiwa wa sita, kwenye nusu ya ramani: watatu wanashambulia A tu, watatu wanalinda A tu. Ni zoezi bora kuliko watano dhidi ya boti, kwa sababu boti hailipizi kisasi.

Maneno ya mchezoni. Sheria ni mahali, idadi, hali, kwa mpangilio huo: "Long, wawili, mmoja nusu uhai." Imekwisha. Maneno "huku", "pale", "anakuja" na "nyuma yako" yapigeni marufuku, maana "huku" ni kwa nani? Mchezo wenyewe unaandika jina la mahali ulipo karibu na ramani ndogo kwenye kona ya skrini, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutojua. Majina kama Long, Short, Mid, Palace na Connector yaacheni kama yalivyo, siku wakicheza na mgeni wataelewana. Mabomu ya kurusha yasemeni kwa Kiswahili: flashi, moto, moshi. Najua kwa watu wa mji wenu "rusha moshi" lina utani wake. Utani utaisha wiki ya kwanza, na ni neno fupi linalosikika hata katikati ya risasi.

Aliyekufa ana sentensi moja: nani kamuua, yuko wapi, amempunguza kiasi gani. Kisha kimya. Si adabu tu, ni masikio. Counter-Strike inachezwa kwa kusikia hatua za miguu, adui akikimbia anasikika, akitembea taratibu kwa kushikilia Shift hasikiki. Kijana aliyebaki peke yake dhidi ya wawili anahitaji kusikia viatu vya adui, si ushauri wa watu wanne waliokwisha kufa.

Kibanda chenyewe kina mtego ambao wenye vibanda hawauoni. Vijana wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anaona skrini ya jirani kwa pembe ya jicho. Wanazoea kujua mwenzao yuko wapi bila kuambiwa, kisha siku wanacheza wametengana au dhidi ya timu ya mji mwingine kwenye intaneti, wanakuwa mabubu. Weka maboksi ya katoni kati ya skrini na skrini, kila mtu avae hedifoni na maiki, na waongee kwa sauti ya kawaida kana kwamba wako vyumba tofauti. Wiki hiyo matokeo yatashuka. Usiogope.

Fedha za mchezo ndipo timu nyingi changa zinapopotezea mechi, na nadhani zile 13–3 zenu sehemu kubwa zinatoka hapa. Kila mtu anaanza nusu ya mechi na dola 800. Ukishinda raundi kwa kuwamaliza adui unapata 3,250, kwa bomu kulipuka au kuteguliwa ni 3,500. Ukipoteza mfululizo unalipwa fidia inayopanda: 1,400, 1,900, 2,400, 2,900, hadi 3,400, na ukishinda inashuka ngazi moja. Raundi ya kwanza ya bastola ukiipoteza, hesabu inaanzia kwenye 1,900.

Chukua karatasi, uwaoneshe. Mmepoteza raundi ya bastola, na kila mtu ametumia 800 yake yote. Raundi ya pili kila mmoja ana 1,900. Timu yenye nidhamu hainunui kitu. Ikipoteza, inapokea 2,400, kwa hiyo raundi ya tatu kila mmoja ana 4,300: AK-47 ni 2,700, kinga na helmeti ni 1,000, na inabaki 600 ya moshi mmoja wa 300 na flashi moja ya 200. Watano wote wana silaha kamili. Sasa mwangalie yule asiyesubiri. Raundi ya pili ananunua bastola ya Desert Eagle kwa 700 na kinga ya 650, anabaki na 550. Wanapoteza, anapokea 2,400, jumla 2,950. Raundi ya tatu anaweza kununua AK bila kinga yoyote, au kinga bila AK. Wakiwa wawili wa namna hiyo, timu inaingia raundi ya tatu na watu watatu na nusu. Hakuna aliyelenga vibaya hapo. Wamefungwa dukani.

Kwa hiyo neno la kununua liwe la mtu mmoja, na mwanzoni mpe maneno mawili tu: "nunua" au "sevu". Wote wananunua au wote wanasevu. Ununuzi kamili wa mshambuliaji wenye moshi, flashi na moto wa 400 unafika 4,600. Mlinzi mwenye bunduki ya M4A1-S ya 2,900, kinga na helmeti, koleo la kutegulia la 400 na moshi naye anafika 4,600 ileile, namba rahisi kukumbuka. Mwenye 8,000 amnunulie bunduki mwenye 2,000 na amwangushie chini. Uchoyo wa fedha za mchezo haumfaidii mtu, kila mchezaji hawezi kupita 16,000 na nusu ikiisha zote zinafutwa. AWP, bunduki ya kudungulia ya 4,750, iwe moja kwa timu, tena mkononi mwa mtu asiyekuwa wa kwanza kuingia. Ukiua nayo unalipwa 100 tu badala ya 300 za bunduki za kawaida, na ikiporwa adui amepata zawadi.

Kuna sheria moja wanaoshambulia hawaijui: muda ukiisha bomu halijategwa na wewe mshambuliaji uko hai umejificha, hulipwi fidia hata senti. Wapo wanaojificha kulinda AK ya 2,700 halafu wanashangaa raundi ijayo hawana hela ya kinga.

Saa. Raundi ni sekunde 115, na saa inahesabu kurudi nyuma. Kiongozi agawanye hivi: sekunde 40 za kwanza jozi zinakusanya habari bila kukimbilia kufa, saa ikisomeka 0:50 awe ameshataja A au B, na ikifika 0:20 bomu liwe linategwa. Kutega kunachukua zaidi kidogo ya sekunde tatu. Timu changa hupenda kuamua ikiwa 0:15, wakati huo hata mlinzi mwenye bastola anajua mtapita wapi kwa kuwa hamna muda wa kupita kwingine.

Likishategwa, bomu linalipuka baada ya sekunde 40. Kutegua bila koleo ni sekunde 10, kwa koleo 5. Walinzi wafanye hesabu hizi ziwe za kichwani: bila koleo, kama haujaligusa zikiwa zimebaki 10, kimbia uokoe bunduki. Kosa kubwa la walinzi wapya ni kurudi kwenye bomu mmoja mmoja, kila anayefika anaingia. Wasubiriane nje. Sekunde 12 za kukusanyika si hasara, zinabaki 28, zinatosha kuingia kwa pamoja kutoka pande mbili na mmoja akategua huku wengine wakimfunika kwa moshi. Mwenye koleo asiwe wa kwanza kuingia.

Washambuliaji nao, bomu likishatulia, wajue kazi imegeuka: sasa wao ndio walinzi. Kufukuza mauaji ni ujinga. Wawili wakae pembe mbili tofauti zinazoliona bomu, ili adui akimgeukia mmoja amempa mwingine ubavu. Wakisikia sauti ya koleo wasikurupuke mara moja, wajanja hugusa bomu na kuliacha ili wamtoe mtu mafichoni. Bila shaka ukisubiri sana umeliwa. Mmoja achungulie, mwenzake abaki tayari kulipiza. Ni jozi ileile ya Long.

Baada ya yote haya ndipo uwape mbinu ya ramani, tena moja. Ramani ya Mirage, kuingia A: moshi tatu zinaenda sehemu zinazoitwa CT, Jungle na Stairs, ambako ndiko walinzi wa A wanakopata msaada. Wawili wanatoka Palace, wawili Ramp, wa tano mwenye bomu nyuma ya jozi ya Ramp. Moshi unakaa karibu sekunde 20 tu, kwa hiyo jozi ziwe tayari mlangoni kabla haujatua. Wakianza kutembea kuelekea A baada ya moshi kutua, wanafika ukiwa unaisha. Na kwenye CS2 bomu la mkono likirushwa ndani ya moshi linautoboa kwa muda mfupi, mlinzi mjanja atalitumia kuwaona, kwa hiyo asiwepo mtu wa kusimama wazi akiamini moshi ni ukuta.

Mazoezi ya kurusha fanyeni kwenye seva yenu ya ndani, bila bando. Fungua konsoli (dirisha la kuandikia amri ndani ya mchezo), andika sv_cheats 1, bot_kick, mp_roundtime_defuse 60, mp_freezetime 0, mp_buy_anywhere 1, kisha mp_restartgame 1. Mnapata saa nzima ya raundi moja bila usumbufu. Kila kijana ajue moshi mmoja kwa uhakika, apatie mara tisa kati ya kumi, kuliko kila mtu kujua saba kwa kubahatisha. Mchezo wenyewe unataka nafasi ya GB 85, kwa hiyo pakua kwenye mashine moja, nyingine zichukue humohumo kwa waya, Steam (programu ya kupakulia mchezo) inaruhusu.

Mkitoka kwenye waya na kucheza kwenye intaneti, kuna kitu kitawachanganya. Kibandani pingi (muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi) ni ndogo mno, na anayelinda kona akiwa ametulia huwa na nafuu. Kwenye seva ya mbali, anayetoka anamwona aliyetulia kitambo kidogo kabla hajaonekana. Hivyo mlinzi asigande kona moja: apige, ahame. Tumieni waya hadi kwenye ruta, na msigawane intaneti ya simu moja watu watano. Pingi ya juu lakini tulivu inachezeka, inayoruka haichezeki.

Kuhusu kiongozi, asiwe lazima mpigaji bora. Tafuta yule anayejua saa inasomaje bila kuulizwa.

Sasa huyo asiyesikia. Usimtoe. Mfanye wa pili kwenye jozi, mbele yake umweke kijana jasiri asiyejali takwimu zake. Mpigaji mzuri akiwa wa pili anapata shabaha rahisi kuliko zote: adui aliyekwisha kujionyesha na ambaye macho yake yako kwingine. Mauaji yake hayatapungua, huenda yakaongezeka, ila sasa hayapati bila kumfuata mtu. Usimhutubie mbele ya wenzake, mwoneshe karatasi peke yake: vifo vyake vingapi havikulipizwa kwa sababu alikuwa amejitenga. Mpe wiki tatu. Akiendelea kutoka peke yake, mechi mbili zinazofuata mkalishe kwenye kile kiti cha kompyuta ya sita, mwingine acheze nafasi yake, na kalamu ya safu mbili aishike yeye.